Madoa ya Wifi, Kikohozi cha Fundi

Ndugu zangu, aibu hii si ya nyumbani kwangu, lakini kila nikiisimulia uso unaniwaka. Ikikugusa, usininunie.

Nyumba ya fundi seremala ilikuwa nyumba ya raha. Karakana mbele, vyumba viwili nyuma. Asubuhi fundi anapiga randa, mkewe anafagia maranda, na binti yao wa miaka minne, tuliyemwita Kiroboto kwa kutotulia kwake, anarukia viti ambavyo gundi haijakauka. Dada yake fundi aliishi nao. Ndiye aliyemlea huyo mtoto tangu anatambaa, kumwogesha, kumlisha, kumsuka.

Basi mikono ya shangazi mtu ikaanza kutoka madoa meupe. Mbalanga. Haiumi wala haiwashi, ila inaonekana.

Mke wa fundi alipoyaona akashika kichwa. "Wifi, usinielewe vibaya," akasema, na mtu akianza hivyo ujue anakuja kukuumiza. "Kuanzia leo mtoto nitamwogesha mwenyewe. Na sahani yako nimeiweka kando."

"Wifi, haya madoa hayaambukizi."

"Nani kakwambia? Umekuwa daktari lini?"

Shangazi akamgeukia kaka yake amtetee. Fundi akatazama chini, akakohoa.

Ee, fundi alikuwa anakohoa! Tena kwa muda mrefu, suruali zinamvuka kiunoni, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa chapachapa. Lakini nani ahangaike na kikohozi cha seremala? "Vumbi la mbao hilo," mkewe alikuwa akisema. Mwenyewe akiwatania wateja, "Mkiona sikohoi, mjue sina kazi!" Wateja wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na kwa kuwa alikuwa akihisi baridi, madirisha yakafungwa, na Kiroboto akawa analala katikati ya wazazi wake, pua kwa pua na baba.

Shangazi aliivumilia ile sahani. Alivumilia taulo lake kuanikwa peke yake. Lakini siku mke wa fundi alipokimwagia maji ya moto kiti ambacho wifi yake ametoka kukikalia, mbele ya wateja, alifunga vitu vyake akaenda kupanga chumba mtaa wa pili. Hakugombana na mtu. Alimuaga mtoto kwa mbali, akiwa mlangoni.

Haukupita muda, Kiroboto akapoa. Kuruka hakuna. Anakohoa, anakonda, chakula hataki. Wazazi wakambeba wakakimbia naye zahanati.

Daktari akauliza, "Nyumbani kuna mgonjwa?"

"Alikuwepo," mke wa fundi akadakia. "Wifi yangu, ana mbalanga. Tulimtenga lakini naona tulichelewa."

"Mama, mbalanga haiambukizi, hata mkilala shuka moja. Nauliza nani anakohoa."

Na fundi, masikini ya Mungu, akajaribu kukizuia kikohozi chake. Akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kikamshinda, akakohoa mpaka akainama.

Daktari hakumsema. Aliinuka tu, akafungua dirisha.

Baba na mtoto walipimwa wakakutwa na kifua kikuu. Walianza dawa, wakazimeza bila kuruka, na wakapona. Kwa hilo nashukuru.

Daktari alipothibitisha kwamba fundi haambukizi tena, mkewe alikwenda kwa wifi yake akapiga magoti mlangoni. "Nisamehe, wifi. Nimekufukuza wewe, nikamlaza mwanangu na ugonjwa kitanda kimoja. Sina pa kuuficha uso wangu."

Shangazi akauliza, "Mtoto anaendeleaje?" Akachukua viatu vyake, wakaongozana.

Walipofika alichuchumaa, akamnyooshea Kiroboto mikono yote miwili. Mtoto akarudi nyuma.

"Usinishike," akasema. "Utanitia ugonjwa wako."

Alisema kwa sauti ya mama yake kabisa. Shangazi akairudisha mikono taratibu, akaifumbata mapajani.

Mpaka leo shangazi huja akakaa, wakazungumza. Kiroboto humwamkia kwa adabu, halafu anakwenda kukaa upande wa pili.

FUNZO

Jamani, magonjwa hayafanani. Yapo yanayoambukiza, kama kifua kikuu kinachopita hewani, au kipindupindu kinachopita kwenye maji na chakula kichafu. Yapo yasiyoambukiza, kama kisukari, shinikizo la damu, na hiyo mbalanga. Kwa macho tu huwezi kujua lipi ni lipi, kwa hiyo nenda ukapime. Kikohozi kikizidi wiki mbili, usikipe jina la kazi yako. Na hata mwenye ugonjwa wa kuambukiza anahitaji dawa na kauli njema, si kudhalilishwa mbele za watu. Vidonge vilimponya mtoto yule kifua. Ile hofu aliyotiwa na mama yake, zahanati hawakuwa na dawa yake.