Sauti Iliyosema "Bado"

"Leo umenikomoa, mwanangu," alisema mama mdogo huku akifunga vifungo vya blauzi. "Shika, bado, shika, bado. Ulitaka nikate roho?"

Mtaalamu wa mionzi alicheka, akidhani ni utani. Alikuwa amesema "shika," kisha "pumua," kama siku zote. "Bado" hakuisema kabisa.

Pale hospitalini wagonjwa walimwita Sauti. Mlango mzito wa chumba cha matibabu ukishafungwa, hakuna anayeruhusiwa kubaki ndani, maana mionzi haichagui. Mgonjwa hulala peke yake chini ya mashine, naye Sauti humtazama kwenye kamera na kumwongoza kwa kipaza sauti. Mashine yenyewe ilikuwa mpya. Zamani, titi la kushoto likipigwa mionzi, moyo nao ulipata fungu lake. Siku hizi mgonjwa huvuta pumzi ndefu na kuishika, mapafu yanajaa, moyo unasogea pembeni, na mionzi inapiga pale tu panapotakiwa. Akipumua, mashine inajizima yenyewe.

Mama mdogo alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyemlea Sauti baada ya dada yake, mama mzazi wa Sauti, kufariki kwa saratani hiyohiyo ya titi, enzi ambazo daktari hakuwa na la kusema ila pole. "Nimeinamia cherehani maisha yangu yote," aliwaambia wagonjwa wenzake kwenye benchi. "Kulala chali na kushika pumzi ndiyo kazi ya kunishinda mimi?"

Kesho yake Sauti alikodolea macho skrini. Mstari wa pumzi ulipanda, ukatulia juu. Mionzi ikapiga, ikamaliza.

"Pumua," alisema.

Mstari haukushuka.

"Pumua, mama."

Kwenye kamera midomo ya mama mdogo ilikuwa inabadilika rangi na vidole vyake vinakwaruza kitanda, na ndipo kupitia spika ndogo ya mezani, ile inayoleta sauti kutoka ndani, Sauti akasikia sauti yake mwenyewe ikisema taratibu, kwa upole uleule anaowabembelezea wagonjwa, "Bado. Shika. Bado kidogo."

Alibonyeza kitufe cha dharura, akakimbia ndani. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Alimtikisa mama mdogo mabega mpaka pumzi ikamtoka kwa kishindo.

"Ulisema bado," mama mdogo alihema.

"Sikusema."

"Mimi nisiijue sauti yako? Si mimi niliyekufundisha kusema?"

Fundi wa mashine aliitwa. Alipanda ngazi, akaichunguza spika ya darini, akasema ni mwangwi tu. Ili kuwaridhisha aliing'oa kabisa, nyaya zikabaki zinaning'inia. Alikuwa bado juu ya ngazi, spika mkononi, anatafuta neno la mzaha, lile tundu tupu la dari lilipomwambia kwa sauti ya Sauti, "Vuta pumzi."

Fundi hakushuka ngazi, aliruka. Siku hiyo hakuonekana tena.

"Hilo ni jini," mama mdogo alinong'ona walipokuwa peke yao kwenye benchi. "Basi. Mimi sirudi humo."

"Ukiachia njiani ugonjwa utarudi, mama."

"Na nikirudi mimi, litaninyonga. Tena kwa sauti yako."

Sauti alimshika mkono. "Mama yangu aliondoka kwa sababu dawa haikuwepo," alisema chinichini. "Wewe dawa yako ipo. Iko nyuma ya ule mlango. Nikikuzika na wewe, nitamwambia nini mtu?"

Mama mdogo aliutazama mlango. Kisha akapekua mkoba wake, akatoa kigurudumu cha uzi mweusi wa kushonea.

"Niletee pamba za masikio," alisema. "Mdomo linao. Tuone kama na mkono linao."

Waliufunga uzi kwenye kidole gumba chake, wakaupitisha katika tundu la nyaya ukutani hadi mezani kwa Sauti. Mvuto mmoja, shika. Miwili, pumua. Hivyo ndivyo walivyokwenda, siku baada ya siku, Sauti akivuta uzi huku macho yakiwa kwenye mstari, na ile sauti ikibembeleza, kisha ikilalamika, kisha ikipiga kelele chumbani kwa koo la Sauti, bado, bado, bado, wagonjwa wa benchi wakitazamana na kusogeleana, na mama mdogo, masikio yamezibwa, machozi yakimtiririka pembeni ya macho yaliyofumbwa, akishika na kupumua, akishika na kupumua, mpaka siku ya mwisho, uzi ulipovutwa mara mbili na mstari ukashuka, spika ya mezani ikakoroma mbele ya uso wa Sauti.

"Huyu umeninyima," sauti yake ilimwambia. "Si neno. Wapo wengine wanaoijua sauti yako."

Halafu kimya. Hata ile harufu ikatoweka.

Daktari alisema matibabu yamekamilika na vipimo vinatia moyo. Mama mdogo alitoka mlangoni akipunga mikono kama bibi harusi, benchi zima likampigia makofi. Sauti hakupiga. Maneno yale yalikuwa yanamtafuna. Aliomba ruhusa, akaondoka akitembea, mara akajikuta anakimbia.

Jua lilikuwa bado kali alipofika nyumbani. Mumewe alikuwa uani, anaanika nguo. "Umerudi mara ngapi leo?" alimuuliza akicheka. "Si ulikuwa jikoni sasa hivi, unaongea na mtoto?"

Sauti alipita mbio hadi chumbani. Binti yake alikuwa amelala chali kitandani, amenyooka, mikono ubavuni, mashavu yamevimba, midomo ya zambarau.

"Pumua!" alipiga kelele. "Pumua, mwanangu!"

Mtoto hakumtazama hata kidogo. Sauti alimbana mashavu, akampiga mgongoni, mpaka pumzi ikamtoka na kilio pamoja nayo.

"Mbona umeniharibia?" mtoto alilia, macho yake kwenye mlango wa jikoni. "Mama alikuwa hajasema."