Wiki Nne Dukani kwa Mama Pampu

Mama Pampu alimpigia simu mume wake kwa mara ya sita tangu afungue duka asubuhi ile.

"Sili ya pampu ndogo iko wapi?"

"Kwenye kopo la maziwa."

"Makopo ya maziwa yako kumi na moja."

"Lile lenye kutu."

"Yote yana kutu, baba watoto."

"Basi acha nije mwenyewe."

"Uje na mguu upi?"

Mume wake alikuwa ameteleza bafuni, akavunjika mguu, na sasa alikuwa kitandani na plasta hadi kwenye paja. Watu walimwita Fundi. Kwa miaka kumi na minane yeye na mke wake waliuza vipuri vya pampu za maji. Mke alikaa kaunta, mume akatafuta kipuri. Hakuwahi kuandika kitu. Duka lote lilikuwa kichwani mwake, na kichwa chenyewe kilikuwa kimelala nyumbani.

Kwenye benchi alikaa mhudumu wa zahanati. Pampu ya kisima cha zahanati ilikuwa imekufa kwa sababu ya sili moja tu, kipira kidogo cha kuzuia maji yasivuje. Wauguzi walikuwa wakibeba maji kwa ndoo. Mhudumu alisubiri saa nzima. Kisha akasimama.

"Samahani, mama. Wagonjwa hawawezi kusubiri kopo."

Akaondoka. Dakika kumi baadaye Mama Pampu aliiona ile sili. Ilikuwa ndani ya kopo aliloliegemea kwa kiwiko asubuhi yote. Alikimbia hadi barabarani. Mhudumu hakuonekana. Alirudi ndani, akapiga teke kopo jingine lililokuwa chini, nati zikatawanyika sakafuni. Ikabidi apige magoti aziokote moja moja.

Si kwamba hakutafuta watu wa kumsaidia. Mwezi uliopita alichukua wanafunzi watatu kutoka chuo cha ufundi cha jirani. Siku ya kwanza walifagia. Siku ya pili aliwaambia, "Pangeni pangeni pale." Mmoja akapanga vipuri kwa rangi, wa pili akavipanga kwa ukubwa, na wa tatu akakaa na simu yake. Siku ya tatu walikuja wawili. Kufika mwisho wa wiki hakuja hata mmoja.

"Vijana wa siku hizi wanaogopa kazi," alimwambia kila mteja, hata asiyeuliza.

Siku ile ya sili, alifunga duka saa sita mchana, akaenda chuoni. Alimkuta mwalimu aliyewatuma wale wanafunzi. Alikuwa mwanamke wa makamo, amekaa kwenye ofisi iliyojaa mafaili mpaka dirishani.

"Uliniletea wavivu, Mwalimu," alisema kabla hata hajakaribishwa kiti.

"Pole, mama. Keti. Uliwapa kazi gani?"

"Kusaidia."

"Kusaidia nini?"

"Kusaidia tu. Dukani kazi hazikosekani."

"Na wangejuaje kwamba wamemaliza?"

"Kazi ya duka haimalizwi."

"Hapo ndipo walipochoka," Mwalimu alisema. "Na uliwalipa?"

"Niliwapa uzoefu."

"Hao watoto wamepanga vyumba, mama. Mwenye nyumba hapokei uzoefu."

Mama Pampu alitaka kuondoka. Alikuja kulalamika, si kufundishwa. Lakini alikumbuka makopo yanayomngoja, miguu ikagoma kusimama.

Mwalimu alichukua karatasi. "Niambie kitu kimoja tu. Kitu ambacho kikifanyika, roho yako itatulia."

"Nijue kila kipuri kilipo."

"Hiyo sasa ni kazi. Ina mwanzo, na inaweza kuwa na mwisho. Mwisho wake utaonekanaje?"

Mama Pampu alifikiri. "Mtu yeyote akiingia, hata asiyejua pampu, aweze kupata kipuri chochote kwa dakika tatu."

Mwalimu aliandika maneno hayo kama yalivyo. Halafu akauliza duka lina shelfu ngapi. Kumi na nne. Wakapiga hesabu: wanafunzi wawili, wiki nne, siku tatu kwa wiki, mchana tu, kwa sababu asubuhi wana masomo. Wiki ya tano ilikuwa ya mitihani, kwa hiyo kazi isivuke wiki ya nne.

"Na malipo?" Mama Pampu aliuliza kwa shingo upande.

"Kibarua wa stoo hulipwa kiasi gani kwa saa?"

Alitaja kiasi.

"Basi usishuke hapo. Nusu wape baada ya wiki mbili, nusu siku ya mwisho. Iandikwe, msaini wote, nakala moja ibaki hapa chuoni."

"Na wakinipotezea wiki nne nzima?"

"Kila Ijumaa kaeni nusu saa, mkague kazi pamoja. Kukiwa na tatizo utaliona wiki ya kwanza. Wakikwama wamuulize nani?"

"Mimi niko kaunta, sina nafasi. Anayejua vipuri ni mume wangu, naye yuko kitandani."

"Aliye kitandani ana nafasi," Mwalimu alisema.

Tangazo lilibandikwa chuoni. Liliitaja kazi, muda na malipo. Walikuja wanafunzi sita. Mama Pampu alimpa kila mmoja vipuri vitano mkononi, akamuuliza angevipangaje. Alichagua wawili. Wa kwanza alikuwa binti wa miwani aliyesomea utunzaji wa stoo, naye Mama Pampu akamwita Miwani. Wa pili alikuwa kijana wa ufundi wa pampu, asiyesema mpaka aulizwe. Huyo akamwita Kimya.

Wiki ya kwanza nusura Mama Pampu apasuke. Miwani aliuliza maswali mpaka masikio yakachoka. Hii ni bushi au beringi? Zenye ufa zinahesabiwa? Mama alijibu huku akihudumia wateja, na alijibu kwa kufoka. Ijumaa walikaa kukagua. Shelfu zilizokwisha zilikuwa mbili.

"Mbili," Mama Pampu alisema. "Kati ya kumi na nne. Mnanifanya mtoto?"

Miwani aliangalia chini. Kimya alifungua daftari lake, akasoma polepole.

"Jumatatu. Kutafuta chenji, mara tatu. Jumatano. Kufagia. Kumpelekea mteja pampu nyumbani. Kukaa kaunta Mama akienda sokoni. Leo. Kutafuta chenji, mara mbili."

Akafunga daftari.

Mama Pampu alikasirika sana, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Na maswali yenu hamkumpelekea Fundi?"

"Hatukujua kama tunaruhusiwa kuingia kwake, Mama," Miwani alisema.

Kumbe hata hilo Mama Pampu alikuwa amesahau kuwaambia. Aliwaomba radhi kwa sauti ndogo. Tangu siku hiyo chenji alitafuta mwenyewe. Na kila mchana wa kazi, Kimya alibeba beseni la vipuri visivyojulikana hadi kitandani kwa Fundi. Fundi aliyekuwa akilalamikia chakula, shuka na joto, sasa alikuwa amenyoa ndevu kabla ya saa nane. Alishika kipuri, akakigeuza, akataja jina na kazi yake. Kimya aliandika. Siku moja Fundi alikosea, Kimya akamrekebisha. Fundi alikitazama tena kile kipuri, akasema, "Umenishika."

Ijumaa ya pili shelfu zilikuwa sita. Mama Pampu alitoa nusu ya malipo bila kukumbushwa. Ijumaa ya tatu zilikuwa kumi na moja. Wiki ya nne, kila shelfu ilikuwa na namba, kila kopo lina karatasi ya jina, na orodha yote iliandikwa kwenye daftari na kwenye kompyuta ya chuo.

Siku ya mwisho Fundi alikuja kwa magongo. Walimwita kinyozi wa duka la jirani, mtu ambaye hajawahi kushika kipuri maishani. Mama Pampu akamwambia atafute bushi ya inchi mbili. Kinyozi alifungua daftari, akafuata namba, akarudi nayo. Miwani alitazama saa.

"Dakika mbili, Mama."

Furaha ikampanda Mama Pampu, na pamoja nayo ile tabia ya zamani. "Vizuri sana wanangu. Sasa wiki ijayo njooni mnimalizie stoo ya nyuma. Kidogo tu."

Kimya alimtazama Miwani. Miwani akavua miwani yake, akaifuta.

"Kwa heshima zote, Mama, stoo ya nyuma haimo kwenye makubaliano. Na wiki ijayo tuna mitihani."

Mama Pampu alimgeukia mume wake amtetee. Fundi alikuwa akiangalia dari. Basi akatoa pesa iliyobaki. Akatoa na barua mbili za kuwapendekezea kazi, alizoziandika jana yake kwa ushauri wa Mwalimu. Hazikusema tu kwamba hawa ni vijana wazuri. Zilieleza kazi yenyewe: vipuri vingapi walivihesabu, kwa njia gani, kwa muda gani. Kisha akachukua karatasi nyeupe.

"Stoo ya nyuma," alisema huku akiandika. "Baada ya mitihani. Wiki ngapi?"

"Tuione kwanza, Mama," Miwani alisema.

Baada ya mitihani alirudi Miwani peke yake. Ile barua ilikuwa imempatia Kimya kazi ya likizo kwenye ghala kubwa. Mama Pampu alilalamika siku mbili kwamba amelea, wengine wamechukua. Siku ya tatu aliandika tangazo la kumtafutia Miwani mwenzake mpya, akalipeleka chuoni. Mwalimu alilisoma mstari kwa mstari, kalamu mkononi, akitafuta cha kurekebisha. Mwishowe aliweka kalamu chini bila kugusa neno, akampa pini nne za kulibandikia.