Mgeni wa Upande wa Pili wa Kishikwambi

Kishikwambi cha Sihaba kilikuwa na adabu zake mpaka alasiri ile. Alikuwa amekilaza chali juu ya mkeka, binti yake Hadiya kaketi ubavuni kwake achague ua la hina, na picha ikajigeuza juu chini. Akaigeuza. Ikageuka tena.

Sihaba, mchoraji hina wa Mkolani, si mtu wa kuchezewa na kifaa chake mwenyewe. Akavuta menyu kutoka juu, akabonyeza alama ya skrini kujizungusha, ikafifia. Imezimwa. Akakizima na kifaa kizima, akakiwasha upya. Picha ikatulia kidogo, kisha mbele ya macho yao ikazunguka taratibu na kuelekea upande wa pili wa mkeka, kana kwamba kuna mtu kaketi kule naye anataka kuona. Kule hakukuwa na mtu.

"Mama, inamgeukia nani?" Hadiya aliuliza kwa sauti ya chini.

Sihaba akasema ni ubovu tu, akamchora viganjani maua aliyoyajua kwa kichwa. Hina ikakauka. Walipoibandua, viganja vya Hadiya vilikuwa vitupu kama havijaguswa. Rangi ilikuwa mkekani, upande wa pili: alama za vidole, virefu kuliko vya binadamu. Chumba kikanuka udi ambao hakuna aliyeuchoma, na ndani ya udi huo shombo la samaki waliooza. Kesho yake vidole vya Hadiya vilikuwa vya baridi, havishiki hata kikombe, na ndoa yake na Khalidi ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo.

Hapo Sihaba akakumbuka, moyo ukamlipuka paa. Kabla picha haijaanza kugeuka alisikia kandambili zikikokotwa mlangoni, naye kwa mazoea ya kazi, bila kuinua macho, akasema karibu mwali, pita uchague. Hodi hakuisikia. Jamani, tangu lini mtu akaitikia karibu kabla ya hodi? Hata mtoto wa chekechea anajua. Alimkaribisha asiyebisha, tena akamwita mwali.

Siku iliyofuata akamwita shehe Abubakary kutoka Buswelu. Shehe alisoma, akapuliza, akaitazama skrini ikigeuka huku alama ya kujizungusha imefifia vilevile. Mwisho akanong'ona kwamba huyo hakuvamia, alikaribishwa, kwa hiyo hafukuziki. Anataka awe yeye mwali. Ushauri wake ni ndoa iahirishwe, mgeni aachiwe mkeka na shela ya Hadiya, la sivyo baada ya vidole itakuwa mikono, na baada ya mikono ni binti mzima.

Sihaba akamshukuru, maana shehe ni shehe, lakini hasira ilimpanda. Mtoto huyu alimlea peke yake. Amewapamba maharusi wa watu mpaka ng'ambo ya Kamanga, leo wa kwake ndiye akose?

"Shela haitoki," alisema. "Kama ni mgeni, atatendewa kama mgeni."

Jua lilipoinama, shehe akiwa bado yumo chumbani, umeme ukakatika, kishikwambi kikabaki peke yake kinamulika, na picha ikaanza kuzunguka, mara huku, mara kule, ikimfuata mtu ambaye sasa alikuwa anauzunguka mkeka, kandambili zikikokotwa polepole, udi ukizidi kuwa mzito, mpaka skrini ikasimama imeelekea bega la Hadiya kabisa, na pembe ya mtandio wake ikainuka kama inayopuliziwa pumzi, na msichana akafungua mdomo wala sauti isitoke.

Sihaba akaenda nyuma ya mlango, akarudi na jembe, akalitupa mkekani.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Ya tatu ndiyo leo. Shika, ukalime kile kilima nyuma ya nyumba. Ndani hurudi mpaka umalize."

Kisha mpini ukainuka wenyewe. Jembe likavuka chumba, chuma kikikwaruza sakafu, likatoka nje. Picha ikarudi upande wa Hadiya na kutulia. Msichana akaangua kilio, na vidole vyake vikaushika mkono wa mama yake kwa nguvu.

"Umempa kazi, mama Hadiya," shehe alinong'ona. "Akimaliza atarudi."

"Kilima chenyewe ni jiwe tupu, shehe."

Hina ya pili ikashika, nyeusi tititi. Ndoa ikafungwa Ijumaa, pilau watu wakala wakasaza. Nyuma ya nyumba, kila jua likiinama, chuma kiligonga jiwe: ngo, ngo, ngo. Majirani wakanung'unika. Sihaba akawaambia anayekerwa aende akamnyang'anye jembe. Hakwenda mtu.

Masika yalipoisha, mlio ukakoma. Sihaba akafungua mlango wa nyuma. Lile jabali kubwa kuliko nyumba lilikuwa limepigwa matuta kutoka kileleni hadi chini, matuta ya jiwe, yamenyooka kama ya viazi. Jembe lilikuwa limelazwa kizingitini, limelika mpaka shingoni, na harufu ya udi ilikuwa inapanda ngazi za mlango huo.

Sihaba aliogopa, asidanganye mtu. Lakini akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake, akanyoosha kidole kuelekea kilima kingine, kikubwa zaidi, kilichosimama juu ya nyumba za jirani.

"Umelima vizuri," alisema. "Sasa kile pale. Hapa ni Mwanza, mama, mawe hayaishi."