Sahihi Thelathini na Nane za Mlimapumzi

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ilibainika kwamba uwanja wa mtaa wa Mlimapumzi umeibwa.

Tuseme kweli, uwanja wenyewe ulikuwa palepale, ila ulikuwa umevishwa mabati mapya pande zote nne, na kibao chekundu kimesema: MALI BINAFSI. Aliyeuona wa kwanza ni Mzee Eliaichi, aliyekuwa akipanda kilima kunyoosha magoti. Mlimapumzi iko huko Madale, mahali ambapo hata mbuzi akitumwa dukani hukaa kitako mara mbili njiani, kwa hiyo mzee alipofika juu hakuwa na pumzi ya kupiga kelele. Akayazunguka mabati kwa hatua mia tatu na kumi, akarudi nyumbani kunywa chai. Alikuwa karani wa posta kwa miaka thelathini na moja, na posta ilimfundisha kwamba barua iliyopotea haitafutwi kwa kukimbia.

Kufikia saa tatu watu walishampata mwizi. Mabati yametoka duka la vifaa vya ujenzi la Nawaf, basi mwizi ni Nawaf. Nawaf akawajibu kwa upole kwamba kama kuuza mabati ni wizi, paa zote za Mlimapumzi zikamatwe. Yaliyobebwa Jumapili yalibebwa na fundi wa kutoka Mwenge asiyemjua.

Saa tano akafika Sajini Tusajigwe, mama mpole mwenye macho yasiyopepesa, na nakala ya karatasi mbili kutoka ofisi ya ardhi. Ya kwanza ilikuwa muhtasari wa mkutano mkuu wa wakazi, Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, uliokubali kwa kauli moja uwanja apewe mwekezaji ajenge kituo cha mafuta. Ya pili ilikuwa na majina thelathini na nane na sahihi zake, na chini kabisa muhuri wa ofisi ya mtaa. Muhuri huo hukaa kwenye droo ya Jovina, mtendaji wa mtaa, na ufunguo wa droo hukaa shingoni mwake.

Macho yote yakahama kutoka kwa Nawaf, yakatua kwa Jovina. Diwani, Mheshimiwa Alfonsi, alikuja na uso wa msibani, akasema yeye alikuwa mwalikwa tu na karatasi ziliandaliwa na huyo binti. Sajini akampa Jovina mpaka Alhamisi saa nne aeleze muhuri ulifikaje pale. Akishindwa, ataondoka naye.

Jioni Jovina alibisha hodi kwa Mzee Eliaichi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

"Mzee, mkutano ule haukuwepo. Muhuri ni wangu, lakini kwa siku napiga hata karatasi hamsini, sikumbuki hii. Alhamisi nikilala ndani, kazi imekwenda. Na wanangu wawili nawaacha na nani?"

"Mie mwenyewe nimo humo, namba kumi na saba. Sahihi ni yangu, mkutano sikwenda."

Akavaa miwani yake mpya ya kusomea, akainamia nakala aliyokuja nayo Jovina. Miaka yote ile alisoma anwani zilizoandikwa na walevi, wachumba na madaktari, na aliwahi kuapa kwamba akinusa bahasha anajua mwandishi amekula nini. Mambo matatu yakamkaa akilini. Muhuri ulikuwa kwenye karatasi ya pili tu. Sahihi zilikuwa za kweli, lakini zilipanda na kushuka nje ya mistari kama vijia vya Madale. Na moja tu, namba ishirini na mbili, ya Bi Wahiba, mama yake Nawaf, ilikaa juu ya mstari wake kama kunguru juu ya waya.

Jumanne alizunguka nyumba kwa nyumba. Kila aliyemo kwenye orodha aliapa hajahudhuria mkutano wowote. Kwenye nyumba ya kumi mzee akacheka peke yake, maana kila aliyemfungulia mlango alikuwa na mvi. Alimaliza orodha nzima bila kukuta mtu wa chini ya miaka sitini.

"Mkutano wa mtaa bila kijana hata mmoja," alimwambia Jovina. "Sasa viti alibeba nani?"

Jumatano, saa nne na robo, alimkuta Bi Wahiba dukani kwa mwanawe akipima misumari. Akamuuliza mbona sahihi yake pekee imenyooka.

"Kwa sababu mie nilikuwa naona," alisema Bi Wahiba, akamweleza. Mzee akaomba maji, akanywa glasi mbili mfululizo.

Alhamisi saa nne ofisi ya mtaa ilijaa mpaka madirishani. Sajini alimruhusu mzee aulize. Akaanza kwa unyenyekevu kama mtu anayeulizia bei ya dagaa.

"Mheshimiwa, siku ile vijana walikuwepo?"

"Wengi sana, mzee wangu."

"Na hakuna hata mmoja aliyetia sahihi?"

Diwani alisema vijana hawapendi makaratasi. Na hawa wazee wanaokana? aliuliza mzee. Diwani akatabasamu kwa huruma. "Wazee wetu tunawapenda, lakini wanasahau."

Mzee Eliaichi akawaomba wazee waliokuwepo wavue miwani na kutia sahihi upya kwenye karatasi yenye mistari. Wakapita mmoja mmoja, wakiinamisha vichwa na kupapasa meza. Sajini akaziweka sahihi mpya kando ya nakala. Zilitoka nje ya mistari vilevile, kupanda kwa kupanda.

"Afande," alisema mzee, "tangu mwezi wa sita, hapa Mlimapumzi wazee watupu tumekusanywa mara moja tu, siku Mheshimiwa alipotugawia miwani ya bure. Alitutaka tutie sahihi kwanza, miwani baadaye. Watu wasioona karibu tulisaini karatasi tusiyoweza kuisoma, tukashukuru na kupiga makofi. Na mie niliyesoma barua za nchi nzima nilipiga makofi kuliko wote."

"Isipokuwa mimi," alisema Bi Wahiba. "Mie sinunui bamia bila kuivunja ncha. Nikamwambia nipe kwanza nijaribu. Nikaona juu pameandikwa Mahudhurio, basi, chini yake majina matupu. Nikamuuliza, mahudhurio ya nini? Akanijibu, ya miwani, bi mkubwa."

Jovina akasimama. Sasa alikumbuka: diwani alimletea orodha ya miwani aigongee muhuri, eti inakwenda kwa wafadhili.

Sajini akamgeukia diwani. "Mheshimiwa, hii karatasi ya kwanza uliibandika lini?"

Alfonsi alitazama dirishani, lakini dirisha lilikuwa limejaa watu. Akasema polepole kwamba udiwani una mwisho, na yeye alitaka kitu cha kumbakia. Kituo kilikuwa cha shemeji yake, nusu kwa nusu. Alichagua wazee kwa sababu wazee hawaulizi.

"Tunauliza," alisema Bi Wahiba. "Ila tunasubiri mtu amalize kusema uongo."

Ijumaa Alfonsi alisomewa shitaka la kughushi nyaraka, na Jumatatu barua yake ya kujiuzulu ikafika kwa mkurugenzi. Mabati yaling'olewa na vijana wale wasiopenda makaratasi.

Jovina aliitisha mkutano wa kweli Jumamosi saa nne, kuuandika uwanja kuwa wa mtaa daima. Alisoma muhtasari, akapitisha kalamu. Hakuna aliyeishika. Bi Wahiba alitaka ausome mwenyewe tangu juu, kisha jirani yake naye, kisha wa nyuma yake, na Mzee Eliaichi akakwama kwenye mstari wa tatu wa muhtasari, akibishania mpaka wa mashariki. Saa sita ilipita, karatasi haijapata sahihi hata moja.

Jovina akakaza ufunguo shingoni, akaagiza chai ya watu wote.