Daraja la Bibi Reli na Bwana Lami

Duka la fundi simu lilikuwa jembamba kama kabati, na asubuhi hiyo watu walijaa hadi kizingitini. Fundi, bisibisi mdomoni, aligawa simu zilizopona huku akifokewa kutoka kila upande. Nesi alipokea yake, akajipenyeza hadi nje, akaiwasha. Akashtuka. Mji wake haukuwepo.

Alikuwa na mji, ule wa kwenye gemu, aliokuwa akiujenga kila akitoka zamu: reli tupu, stesheni baada ya stesheni, treni zinateleza bila kugusana. Sasa kioo kilimwonyesha mji mwingine kabisa. Barabara zimejisokota kama utumbo, malori yamefuatana, mabasi yanapiga honi.

"Samahani, dada," sauti nzito ilisema nyuma yake. "Nadhani umechukua simu yangu. Na mimi nimepewa ya mtu ambaye hajawahi kuona lami."

Akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati la drafti limepigwa pasi, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni. Mkono wake mmoja, ule ambao madereva huuegesha dirishani, ulikuwa umeungua jua kuliko mwenzake.

"Nani kakwambia uchungulie simu ya watu?"

"Na wewe nani kakwambia uchungulie yangu?"

Nesi alitaka kununa, kicheko kikamponyoka.

"Mji mzima reli!" mwanamume akaendelea. "Mtu akiishiwa chumvi apande treni?"

"Apande. Atarudi na miguu yake yote miwili."

Alisema kwa mzaha, lakini haukuwa mzaha. Chini ya sweta lake la manjano alivaa sare ya hospitali. Kazi yake ilikuwa chumba cha majeruhi, na kila wiki alishona kilichopasuliwa na barabara. Basi mwanamume alipomwambia kuwa yeye ni dereva wa lori la masafa, moyo wa Nesi ulifanya mambo mawili kwa wakati mmoja: ulimpenda, ukamwogopa.

Hawakuachana tena. Dereva akamwita Nesi Bibi Reli, naye akaitwa Bwana Lami. Waliunganisha miji yao ikawa mmoja, wake ng'ambo hii ya mto, wa Dereva ng'ambo ile. Katikati palibaki bonde lenye nafasi ya daraja moja tu. Gemu lilitaka wachague, daraja la barabara au la reli. Wakakubaliana kwamba hakuna atakayelijenga bila mwenzake.

"Reli, mpenzi," Nesi alikuwa akibembeleza kwenye simu.

"Barabara, kipenzi changu. Reli haifiki mlangoni kwa mtu."

"Ndiyo maana haimuui mtu mlangoni kwake."

"Haya yameanza! Lala, nimeegesha. Tazama mji."

Nesi akitazama, aliona mti mpya ukingoni mwa mto. Ndivyo walivyozoea. Kila Dereva aliposimama kupumzika alipanda mti kwenye gemu, na Nesi akiuona alijua kuwa yuko hai. Hadi auone, hakugusa chakula.

"Unampenda mtu au unalinda taa ya barabarani?" dada yake alimuuliza, miguu ikikanyaga cherehani. Waliishi pamoja. Dada alishona nguo. "Huyo kijana atakufa kwa kupigiwa simu, si kwa ajali."

"Dada, usiseme hivyo!"

"Nimenyamaza mimi."

Lakini hofu haikunyamaza. Siku moja waliletwa madereva wawili kwa pamoja, na mmoja alikuwa na shati la drafti. Hakuwa yeye. Hata hivyo Nesi alikwenda kusimama chooni, mgongo ukutani, hadi alipoitwa tena. Jioni hiyo Dereva alipopiga simu, maneno yakamtoka Nesi bila breki.

"Nimechoka kuogopa. Chagua. Mimi au barabara."

"Bibi Reli, hii ni kazi yangu. Ndiyo ninayoijua."

"Basi umeshachagua."

"Sijachagua kitu! Unaniwekea mkuki kifuani halafu unasema..."

Nesi akakata.

Asubuhi, akivaa sare, simu ikalia mlio wa gemu. Alipofungua, damu ikamchemka. Bondeni palikuwa na daraja jipya, kubwa, la lami. La barabara! Mabasi madogo yalikuwa yakikimbia juu yake kana kwamba hakuna mtu aliyeahidi kitu.

"Ndilo jibu lake," alimwambia dada. "Ameamka mzima, amekaa akajenga, na salamu hajanipa."

"Si angalau mzima?"

"Mzima wa afya, na jeuri juu!"

Alipofika kazini namba ngeni ikampigia. Akaikata. Ikapiga tena. Aliwaza, ameazima simu ili nisimjue, anadhani mimi mtoto. Akaifungia isipige tena, akasukuma simu ndani ya kabati la wauguzi na kwenda kufunga watu bandeji kwa hasira. Hasira ilimsaidia. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikaa saa nzima bila kuogopa.

Alipokwenda kunywa chai, simu ikalia tena mle kabatini, ule ule mlio wa gemu. Akaitazama. Stesheni ndogo aliyoiagiza jana mchana ilikuwa imekamilika.

Nesi akabaki na kikombe hewani. Hakuna aliyeigusa stesheni ile. Gemu ukiliagiza kitu hukijenga lenyewe, pole pole, hata ukiwa umelala. Hata ukiwa umekufa.

Basi daraja nalo lingeweza kuwa liliagizwa jana. Halikuwa salamu. Halikusema kwamba mtu ameamka. Na mti? Akatafuta ukingoni mwa mto, kidole kikiteleza kwa jasho. Hapakuwa na mti mpya. Akampigia Dereva. Simu haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Kisha akaikumbuka namba ngeni, akaipigia.

"Haloo," mwanamke akajibu, mashine zikinguruma nyuma yake. "Hapa kituo cha mafuta."

"Kuna mtu alinipigia asubuhi..."

"Yule dereva mrefu? Alikupigia wewe kwanza, ukamkatia. Ndipo nikawapigia hospitali wenyewe. Kuna ajali huku, dada yangu. Wamesubiri gari la wagonjwa hadi wakakata tamaa. Wamepakiwa kwenye pikapu, sasa hivi watafika huko."

"Yeye... ni mzima?"

"Sikuangalia sana. Shati lote lilikuwa damu."

Kikombe kikadondoka. Nje honi ilikuwa tayari inalia.

Nesi alikimbia. Korido aliyoipita kila siku ilirefuka kama ndoto mbaya. Pikapu ilikuwa imesimama mlangoni, na nyuma yake alilala mtu, uso umefunikwa na damu, shati halionekani rangi. Nesi akajishika nguzo. Hakuweza kumtazama.

"Nesi! Mshike kichwa huyu!"

Ile sauti. Dereva alikuwa amepiga magoti ndani ya pikapu, mikono yake miwili imelikandamiza paja la yule majeruhi. "Lori lake lilipinduka mbele yangu. Nimekandamiza njia nzima. Nikiachia anavuja."

"Usiachie," Nesi akasema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

Aliosha, daktari akafunga mshipa, yeye akashona. Hakumwangalia Dereva hata mara moja, maana angemwangalia angelia. Daktari aliposema, "Huyu atapona," ndipo akatoka nje, akamkuta Dereva amekaa kwenye benchi la saruji, damu ya mwenzake imemkaukia shingoni.

Akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili. Halafu akamkumbatia.

"Simu ilipondwa nikimvuta," Dereva alisema kwenye nywele zake. "Nikaazima. Ukanikatia."

"Nilidhani uko mzima! Niliona daraja!"

"Lile nililibonyeza jana kwa hasira, nikazima simu nikalala. Nisamehe, laazizi. Tulikubaliana, nikavunja. Libomoe. Weka reli."

Nesi alifungua mji. Dole gumba lilisimama juu ya daraja. Upande wa pili wa kioo mabasi madogo yalikuwa yanavuka, moja baada ya jingine.

"Mwenzako tungemleta na treni gani?" akauliza, na kuifunga simu. "Liache. Watu wameshaanza kupita."

Dereva alisogea karibu yake. "Unajua, kila nikiwasha injini nasali kwanza. Tangu nilipoanza kazi. Sikutaka kukwambia."

"Na wewe unaogopa?"

"Kuliko wewe. Mimi ndiye niliyepo barabarani." Akamgeukia. "Siwezi kukuahidi kwamba hutaogopa. Ila nataka tuogope nyumba moja. Nikuoe, Bibi Reli?"

Nesi alimtazama: shingo yenye damu, shati lililoharibika kabisa, macho yanayosubiri kama ya mgonjwa anayesubiri majibu. Hofu ilikuwa pale pale, haikupungua hata chembe. Akamshika mkono ule ulioungua jua.

"Nioe," akasema. "Lakini kwanza twende bombani nikuoshe. Dada yangu akikuona hivi, ndoa haipo."