Mkutano Ulioshuka Ngazi

Kila asubuhi Ndunge hufagia kizingiti chake, huchukua kikapu chake cha kiondo, kisha huenda sokoni. Amefanya hivyo tangu alipoolewa hapa mtaani Jericho, mumewe marehemu akiwa karani wa baraza la jiji. Soko si mbali. Ukiita kutoka mlangoni kwake, muuza sukuma wiki anaitika. Lakini kati ya mlango na soko kuna mtaro.

Zamani mtaro ulikuwa na vifuniko vya chuma. Wezi waliving'oa, wakaviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sasa umebaki ubao mmoja mwembamba, na mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Vijana huuruka mtaro wakipiga mluzi. Wazee humwomba Mungu kwanza, ndipo wakanyage.

Wiki hiyo Mzee Nahashon Oketch, jirani yake Ndunge, aliomba, akakanyaga, akaanguka. Alivunjika mguu. Habari zilifika mtaa wa Baba Dogo, anakoishi Wathome, mwana wa Ndunge. Wathome ni dereva wa lori, mtu wa maneno machache. Alikuja mbio.

"Mwaitu," alisema, maana ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. "Ijumaa nakuja na gari. Nakupeleka nyumbani Kitui."

"Nyumbani kuna nani?"

"Kuna shamba. Kuna hewa safi."

"Hiyo hewa nitapiga gumzo nayo?"

"Mwaitu, ukivunjika mguu nani atakuuguza? Niendeshe lori nikiwaza labda uko mtaroni?"

Ndunge aliendelea kusuka kiondo chake. Alijua mwanawe anampenda, na hilo ndilo lililomuuma. Adui akikufungia ndani utapiga mayowe. Mtoto anayekupenda akikufungia, utamshtaki kwa nani? Huko Kitui wenzake karibu wote wamelala makaburini. Hapa ana kanisa lake, ana wenzake wa kusuka vyondo, ana Mzee Oketch wa kutaniana naye.

Kesho yake alipita Maurine Aoko, mhudumu wa afya ya jamii, akitoka kuuangalia mguu wa Mzee Oketch. Ndunge alimweleza yote.

"Huu mtaro mmewahi kuusema?" Aoko aliuliza.

"Tumeusema sana! Mwaka jana kwenye mazishi ya mume wa jirani yetu Ambaro tulimwomba mheshimiwa wa wadi mbele ya watu. Akatuhurumia, akatuletea mablanketi."

"Na blanketi linafunika mtaro?"

Ndunge alicheka bila kupenda.

"Mama Wathome, nisikilize. Msiombe mfuko wa mtu. Kuna fedha za maendeleo ya wadi, na hizo ni zenu. Hata ukinunua sukari unalipa kodi. Sheria inasema kaunti isipange bajeti kabla ya kuwauliza wananchi. Ijumaa watawauliza pale ukumbini."

"Huo mkutano naujua. Sisi humtuma Owino, yule wa timu ya mpira. Wazee tutafanya nini huko?"

"Owino huomba nini?"

"Taa za uwanja."

"Akapata?"

"Alipata! Zinawaka mpaka nalala nimejifunika uso."

"Basi si kosa lake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Owino anauruka mtaro, ataukumbukaje? Nendeni wenyewe. Na msiseme tu 'tusaidieni wazee.' Hapo ndipo mablanketi hutoka. Tajeni mahali. Tajeni kitu mnachotaka. Tajeni aliyeumia. Kisha waambieni waandike maneno yenu na wawasomee walichoandika."

Ijumaa mvua ilinyesha. Wathome alifika na gari mapema, akamkuta mama yake amevaa nguo za kanisani. Alidhani amekubali safari.

"Nipeleke ukumbini kwanza," Ndunge alisema. "Wakikataa kunisikia, nitaingia gari lako bila neno."

"Na wakikusikia?"

"Utarudi na gari lako tupu."

Walipofika, walikuta ukumbi wa chini umekodiwa na watu wa harusi. Mkutano ulikuwa umehamishiwa juu. Ngazi ya kupanda huko ilikuwa ya chuma, nyembamba, tena kali. Wazee wenzake Ndunge, aliowaita waje, walikuwa wamekwama chini. Mzee Oketch alikuwa kwenye kiti, mguu umefungwa plasta. Ambaro aliegemea ukuta. Kutoka juu walisikia sauti ya Owino, kisha makofi.

"Wanakaribia kufunga," alisema Ambaro. "Tumekwisha."

Ndunge aliweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Goti likakataa.

"Mwaitu, ngoja," Wathome alisema. "Niambie ya kusema, nipande nikawasemee."

Ndunge alikaribia kukubali. Ndivyo walivyozoea miaka yote. Kisha akakumbuka zile taa.

"Panda, lakini usitusemee. Waambie washuke."

Wathome alipanda. Alirudi uso umemwiva.

"Wanasema muda umeisha. Wanataka mimi niwape maoni yenu."

"Ukawapa?"

"Sikuwapa."

Ndunge alimtazama mwanawe kwa furaha. Kisha akainua bakora yake, akaigonga ile ngazi ya chuma kwa nguvu. Mzee Oketch akagonga kwa gongo lake. Ambaro na wengine wakafuata. Ngazi ilitetemeka yote. Juu mkutano ukasimama.

Bi Nabiswa, msimamizi wa wadi, alitokea amekunja uso.

"Kuna nini huko chini?"

"Kuna wananchi," alisema Ndunge. "Mama, umetuita tutoe maoni, halafu ukapanda mahali tusipofika. Huo ni mwito au ni mzaha?"

Bi Nabiswa aliitazama plasta, akazitazama bakora. Nyuma yake Owino alichungulia.

"Aii, shosh, nyanya yangu! Kumbe mko wengi hivi? Si mngesema!"

"Ndiyo hivi tunasema!" Ndunge alijibu.

Owino alijitwika kiti kichwani, akawa wa kwanza kushuka.

"Leteni viti vyote," Bi Nabiswa akasema. "Tunamalizia barazani huko chini."

Ndunge alisimama. "Mtaro uko kati ya nyumba zetu na soko. Tunataka vifuniko vya zege, si vya chuma, wezi wakose cha kuuza. Tunataka reli ya kushika na benchi la kupumzikia. Aliyeumia ni huyu."

Mzee Oketch aliinua mguu wake wa plasta kama nahodha anayeonyesha kombe.

Karani wa wadi aliandika. "Nisomee," Ndunge akamwambia. Akasoma. "Reli iko wapi?" Karani akaiongeza.

Wathome alirudi Baba Dogo na gari tupu. Lakini aliacha amri: mama asivuke ule ubao peke yake. Owino na wenzake wakashika zamu ya kuwavusha wazee.

Kusema si kupata, Aoko alikuwa amewaonya. Bajeti ilipotoka, wazee walikwenda ofisi ya wadi kuuliza kama mtaro wao umo. Umo. Julai, mwaka wa fedha ulipoanza, walirudi kuuliza mafundi wako wapi. Waliuliza mpaka karani akawa anawaandalia viti akiwaona mbali. Kabla ya mvua nyingine, mafundi walifika.

Jumapili moja Wathome alikuja kumwona mama yake. Alikuta kufuli mlangoni. Alikimbia mtaroni, akainama kuangalia ndani. Hakuona maji. Aliona zege, safi na pana, na reli kando yake. Akainua macho. Ng'ambo, kwenye benchi, mama yake alikuwa akisuka kiondo na kumcheka Mzee Oketch.

"Mwaitu! Nimekutafuta nyumbani!"

"Na umenikuta nyumbani," Ndunge alisema. "Vuka uje. Shika reli."