Jarida la Kliniki, Ukurasa wa Ishirini na Saba

"Soma ukurasa wa ishirini na saba. Kwa sauti!"

Mama mkwe ndiye aliyemwambia mume wangu hivyo, kisha akamtupia jarida mapajani.

Jamani...!

Jarida lile nalijua. Lilipotea Jumanne kwenye chumba cha kusubiria cha kliniki ya meno, ambako mimi nakaa mapokezi. Na Jumanne hiyohiyo mama mkwe alikuja kung'olewa jino.

Shairi la ukurasa huo ni langu. Linamhusu yeye, mume wangu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka jana niliposti shairi mtandaoni. Mistari minne tu! Nikapata laiki kumi na moja, nikatembea siku nzima nacheka peke yangu. Nikasahau kwamba nywila zangu zote anazo yeye.

"Futa," aliniambia, kanikamata bega.

Nikafuta. Bega liliuma wiki tatu.

Tangu hapo nikawa naandika nyuma ya kadi za miadi, wagonjwa wakiwa wamekaa mbele yangu wameshika mashavu. Natia kwenye bahasha, natuma kwa jarida, na jina nimejipachika: Mgonjwa wa Saa Nne. Simu yangu anaipekua kila siku, lakini karatasi? Mtu ambaye hata maelezo ya dawa hasomi!

Sasa leo kaishika.

"Mashairi tena, mama?" akacheka.

"Soma."

Akasoma kwa mbwembwe:

*Kikombe cha harusini, ukutani kimefika,*
*Mkono wake kwa gundi, umeungwa, watumika,*
*Bega langu nalo pia, gundi gani itashika?*

Kwenye mstari wa pili sauti ilipungua. Wa tatu aliumaliza kwa kunong'ona.

Macho yake yakaenda kabatini. Kikombe kipo pale, cha mwisho kati ya sita alivyotuzawadia mama mkwe siku ya harusi. Kisha macho yakaja kwangu.

Nilijua leo nimekwisha. Na nilimchukia mama mkwe kwa roho yangu yote... kanichongea kwa mwanawe!

"Wewe ndiye umeandika hii?"

Nikabaki nakitazama kikombe.

"Nakuuliza! Futa! Futa sasa hivi!"

"Afute kwa kidole gani?" mama mkwe akauliza.

Mume akauchana ukurasa vipande vinne, akanijia ngumi imekunjwa. Nikafumba macho...

Ngumi haikufika.

Nilipofumbua, mama mkwe alikuwa amesimama katikati yetu. Shavu lake bado limevimba, na hamfikii mwanawe hata begani. Akafungua mkoba, akatoa jarida jingine, akaliweka mezani. Akatoa la tatu.

"Chana, mwanangu. Muuza magazeti bado anayo mengine. Hata kwa kinyozi wako lipo, nimeliona."

Mume akakaa. Sijawahi kumwona akikaa hivyo.

"Kikombe hicho nilikiunga mimi," mama akaendelea. "Uliniambia kiliponyoka. Nikajifanya nimeamini, maana hata mimi nilikuwa nawaambia watu hivyohivyo, enzi za baba yako."

Akanigeukia.

"Fungasha, mwanangu. Anza na vyeti."

Ndugu zangu, haya nayaandika nikiwa chumba cha uani kwa mama mkwe. Bado nikisikia funguo mlangoni naruka. Siwadanganyi, naogopa.

Lakini wewe unayesoma hapa huku kidole kikiwa tayari kufuta, nakuomba kitu kimoja: usiweke uchungu wako mahali ambapo anayekuumiza ana nywila. Andika kwenye karatasi. Mpe mtu.

Na wewe mume wangu, najua unasoma. Posti hii unaweza kuripoti, ikaondolewa kabla hujamaliza chai.

Lile shairi la ukurasa wa ishirini na saba, mama kalibandika kwenye kabati lake la vyombo. Kwa gundi ileile.